Daftari letu la kupanda Ruwenzori



Tangu tulipowaonyesha picha zetu katika mkutano wa jumuiya, wengi wenu mnatuuliza namna wanawake saba, walimu na wazazi, walivyofika karibu na barafu ya Ruwenzori. Tena wengine mmeona kwamba katika picha za juu tuko sita tu. Leo tunajibu maswali yote mawili.

Sisi ni wa Beni. Mvua ikinyesha usiku na asubuhi mbingu ikitakata, tunauona mlima upande wa mashariki, na weupe juu yake. Baada ya muda mfupi mawingu yanaufunika. Kila mwaka tunafundisha watoto kwamba ncha ya Margherita, mita 5,109, ni mahali pa juu kuliko pote katika Congo, na kwamba Afrika nzima inapitwa na Kilimanjaro na mlima Kenya tu. Tunawaambia kwamba Ruwenzori si volkano kama Nyiragongo. Ni miamba ya zamani sana iliyoinuliwa ardhi ilipopasuka. Siku moja mtoto wa darasa la tano akauliza: "Mwalimu, hiyo barafu ulishaigusa?" Darasa lote likacheka. Jioni ile mwalimu wake, ambaye ni mkubwa wetu kwa umri na mama wa watoto wanne, alituita akasema: "Twende tukaione." Wazo lilikuwa lake. Tunaomba mkumbuke hilo.

Tulinunua daftari. Ukurasa wa kwanza tuliandika tunakokwenda na tusikokwenda. Kufika Margherita kunataka kamba, vyuma vya kufunga chini ya viatu na ujuzi wa kutembea juu ya barafu. Hatukuwa na vitu hivyo. Tulichagua Kiondo, kambi iliyo karibu mita 4,200. Wapandaji wanalala hapo kabla ya kuikaribia barafu, na ukipanda kidogo juu ya kambi unauona mlima Stanley mbele yako.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa usiku wa kulala. Njia ya Congo inaanzia Mutwanga, karibu na barabara ya Beni kwenda Kasindi, kisha inaingia katika mbuga ya Virunga. Kambi ya kwanza ni Kalonge, karibu mita 2,100. Ya pili ni Mahangu, karibu mita 3,300. Ya tatu ni Kiondo. Tulipoonyesha hesabu hiyo kwa muuguzi wa kituo cha afya, alitikisa kichwa. Alitueleza kwamba mtu akipita mita 3,000 inafaa kila usiku asilale juu ya jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, sababu hewa ya kupumua inapungua na mwili unahitaji siku za kuzoea. Kutoka Mahangu mpaka Kiondo ni mita 900 kwa siku moja. Basi tukaongeza usiku wa pili Mahangu, na pesa ya chakula cha siku hiyo.

Pesa tulipata kwa likelemba, kila juma kwa miezi mitano. Wanaume wetu wengine walicheka, wengine walichanga. Nguo za baridi tulizitafuta katika mtumba: sweta, soksi za sufu, kofia, makoti ya mvua. Viatu vilikuwa buti za mpira, zile za kulimia, sababu Ruwenzori ni tope kutoka msitu mpaka juu. Vikwembe tuliviweka katika mizigo, tukavaa suruali. Mama mkwe wa mmoja wetu hakufurahi, lakini alipoambiwa habari ya tope akanyamaza.

Katika chakula tulifanya kosa moja, na tulilirekebisha mapema. Tulikuwa tumenunua maharagi mengi. Kiongozi wa njia akatuambia kwamba kule juu maji yanachemka kabla hayajawa moto sana, karibu digrii 86 huko Kiondo, na maharagi yatakesha juu ya moto bila kuiva. Tukayaacha nyumbani. Tukabeba unga wa uji wa sosoma, karanga za kukaangwa, ndakala wakavu, sukari, chai na makala ya kupikia, sababu kukata miti ya mbuga kunakatazwa.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa sheria. Mtu akiumwa kichwa na kukataa chakula, siku hiyo hapandi. Akipepesuka kama mlevi, akisema maneno yasiyoeleweka, au akikosa pumzi hali ameketi, anashuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Anayeshuka hashuki peke yake. Mwenye kujua ana ugonjwa asiufiche. Sote saba tuliweka sahihi.

Juma lilofuata muuguzi akasema kabla ya kwenda lazima kila mmoja apimwe damu, na akaongeza kipimo cha Emmel. Sita tulikuwa sawa. Cha saba kilionyesha chembe za damu zinazopinda. Kilikuwa cha mkubwa wetu.

Alikwenda hospitali kubwa kwa kipimo kingine kinachofafanua zaidi, naye akajua kwamba yeye ni AS. Si mgonjwa wa SS, bali amebeba nusu ya urithi huo. Daktari alimweleza kwamba watu wengi wa AS wanaishi na kuzeeka bila taabu. Lakini mahali pa juu, hewa inapopungua, chembe zao zinaweza kupinda na kuziba damu, hasa katika wengu. Kule juu, hospitali iko mbali kwa siku nyingi za miguu. Alimwomba abaki chini.

Mwenzetu alikasirika. Alisema: "Nimezaa wanne, nimelima, nimebeba makala kichwani toka utoto. Ugonjwa gani huo?" Nasi, tunawaambia ukweli, tulikuwa karibu kufanya vibaya. Mmoja wetu alisema tusimwambie kiongozi wa njia. Hakuna aliyepinga mara moja. Tulimpenda, na safari ilikuwa yake. Ni yeye mwenyewe aliyefungua daftari, akasoma sheria ile ya mwisho kwa sauti ya darasani, akalifunga. Akasema: "Nitawasindikiza mpaka Mutwanga."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alibaki Mutwanga na simu na majina ya watu wetu wa nyumbani, nasi sita tukapanda na kiongozi na wabebaji. Tulipita mashamba, kisha msitu mkubwa, mianzi, halafu miti iliyofunikwa na ukungu wa kijani kama manyoya, tukiruka juu ya mizizi na kuzama katika tope. Usiku wa kwanza wa Mahangu wawili waliumwa kichwa. Siku ile ya kupumzika ndiyo iliyowaponya. Ingekuwa hesabu ya mwanzo, wangerudi.

Kiondo tulifika jioni, kila hatua ikiomba pumzi mbili. Asubuhi maji ya beseni yalikuwa yameganda. Tulipanda polepole juu ya kambi. Chini yetu kulikuwa na maziwa madogo, na lobelia zinazopita urefu wa mtu. Mawingu yakafunguka, na barafu ya Stanley ikasimama mbele yetu, nyeupe, na kijivu kando kando. Mmoja wetu alilia. Hatukuweza kuimba kwa kukosa hewa.

Kiongozi alituonyesha miamba mitupu ambayo zamani ilikuwa imefunikwa. Mwaka 1906, Mwitaliano mkuu wa Abruzzi alipofika ncha ya Margherita, milima sita ya Ruwenzori ilikuwa na barafu. Emin, Gessi na Luigi di Savoia imekwisha kupoteza yote, na sehemu kubwa ya inayobaki iko Stanley. Watoto tunaowafundisha leo huenda watawasomea watoto wao habari za barafu kama tunavyosoma sisi habari za wafalme wa kale.

Tuliposhuka, mwenzetu alitungoja njiani na chai. Alituuliza habari zote, hata rangi ya mawe. Kisha akatuambia alichokifikiri siku zile za kungoja. Mtoto wake wa mwisho alikuwa akilia kwa maumivu ya mikono na miguu tangu mdogo, na vidole kuvimba, na watu walisema ni baridi. Waliporudi Beni, bwana yake alipimwa. Naye ni AS. Mtoto alipimwa, ni SS. Leo anafuatwa hospitalini, anakunywa maji mengi, analindwa na malaria na baridi, na anasoma.

Ametupa ruhusa kuandika haya bila jina lake. Anaomba kila mama na baba wajue damu yao kabla ya ndoa ikiwezekana, na kama ndoa imekwisha kufungwa, waijue hata hivyo. Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto wa SS.

Vita vimeifunga njia ya Mutwanga, na hatumwambii mtu apande sasa. Daftari liko katika kabati la jumuiya. Siku ya amani, atakayelitaka atalipata, na kurasa za hesabu bado ni nzuri.

Mtoto wa darasa la tano tulimjibu: barafu ya mlima tuliiona, ila tuliyoigusa ni ya beseni. Alicheka tena. Mwalimu wake alicheka naye.