Kisiwa Katikati ya Mto Seine

Sisi wana wa Mvita twakijua kisiwa ni nini, basi Île de la Cité ya Paris haitupi taabu kuifahamu, ila maji yake ni matamu. Hapo wafalme wa Ufaransa walikuwa na kasri yao. Wageni wengi huliendea kanisa la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Disemba 2024. Kwangu mimi penye hadithi zaidi ni Sainte-Chapelle, jengo dogo la mfalme Louis wa Tisa lililokamilika mwaka 1248. Lina madirisha 15 marefu ya vioo vya rangi. Michoro ni ya dini yao, lakini ufundi wa mikono haukanushiki.

Mwaka huohuo Louis aliondoka kisiwani kwenda vitani, na mwaka uliofuata akaiteka Dimyat ya Misri. Katikati ya vita Sultani as-Salih Ayyub akafariki. Mkewe Shajar ad-Durr, aliyekuwa mjakazi zamani, akauficha msiba, na amri zikaendelea kutoka kwa jina la marehemu mpaka mrithi alipowasili. Jeshi halikuvunjika moyo, na mwaka 1250 Louis akatekwa. Malkia wake, Marguerite, alikuwa Dimyat akikaribia kujifungua. Alipozaa, akawaita mabaharia wa Kitaliano waliotaka kukimbia, akawasihi wabaki, maana mji ule ndio uliokuwa sehemu ya fidia ya mumewe. Chuoni vita hivi tulisomeshwa kwa majina ya wanaume tu.

Kasri, kanisa, yote hayo mtu huyatazama akaondoka. Lililonishughulisha ni kimya cha jioni. Karne ya 19, Haussmann, liwali wa mji chini ya Napoleon wa Tatu, alivunja vichochoro na nyumba kwa wingi, pakainuka hospitali mpya na majengo ya serikali. Familia zikahamishwa. Mchana umati wa watalii. Usiku huoni nguo zilizoanikwa, wala husikii mama akimwita mwanawe chakulani. Kwetu Mji wa Kale na Lamu hatuvunjiwi. Twaletewa bei nzuri, nyumba ya babu ikawa ya wageni, na saffu za msikiti wa mtaa zikapungua.

Nyuma ya Notre-Dame, mtaa wa rue Chanoinesse, nyumba chache za kale zingalipo, na watu wamo.