Mtu Mzima Naye Hulemewa

Katika lugha yetu maneno "mtu mzima" yana maana mbili. Ya kwanza ni mtu aliyekwisha kua, anayetarajiwa kujitegemea na kuwatunza wengine. Ya pili ni mtu asiye na upungufu, mwenye afya, asiyevunjika popote. Ndiyo maana tukikutana asubuhi huulizana, "U mzima?" na jibu huwa lile lile, "Mzima, sijui wewe." Twajibu hivyo hata siku ambayo moyo una ufa. Kwa maoni yangu, taabu ya watu wengi waliokwisha kua imo katika kudhani kwamba maana hizo mbili ni moja: kwamba mtu akishakua hawezi kuvunjika, na akivunjika basi hakuwa amekua.

Nimeishi Tunduma miaka mingi, nami naona mji huu ni mahali panapofaa kulichunguza jambo hili. Reli ya TAZARA na barabara kuu itokayo Dar es Salaam zote zinapita hapa kuingia Zambia, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Mwaka 2016, mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, Tunduma ndiyo iliyokuwa tayari na pilikapilika kuliko miji mingine yote ya mkoa mpya. Hapa wamo Wanyamwanga na Wanyiha wenyeji, na wamo wageni waliofuata riziki: madereva, matingo, wabadilisha fedha, wachukuzi, wauza mchele na mama ntilie. Wengi wetu tumeziacha nyuma nyumba za wazazi wetu. Riziki yetu hutegemea lango la mpaka: likiwa wazi twala, likifungwa twatazamana.

Mwezi Mei mwaka 2020 Zambia ililifunga lango hilo kwa siku kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Malori yalisimama. Jirani yangu mmoja, ambaye sitamtaja jina, alikuwa akiwapikia madereva wali na maharage. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amemzika mumewe. Alikuwa na watoto watatu na mikopo miwili, na hakupata nafasi ya kumlilia marehemu sawasawa, kwani siku ya nne baada ya mazishi alikwisha rudi jikoni.

Lango lilipofunguliwa biashara ilianza tena, lakini yeye hakuwa yule tuliyemjua. Usiku hakupata usingizi. Mchana hasira zilimpanda kwa jambo dogo, kama mtoto kuangusha kikombe, kisha akalia kwa kujuta. Mara nyingine moyo ulimwenda mbio, mikono ikatetemeka, hata akadhani saa yake imefika. Ukimwuliza ana nini, alijibu kwa neno moja tulilolizoea sote: "Mawazo."

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Duka la dawa lilimpa vidonge vya tumbo. Shoga yake alisema amerogwa. Wengine walimwambia aombe zaidi, na wengine wakamwambia ajikaze kwa ajili ya watoto. Sisemi kwamba wote hao hawakumtakia heri. Lakini kila mmoja alishika kipande chake: huyu tumbo, yule roho, mwingine mkopo. Hakuna aliyemshika akiwa mzima.

Siku moja nilimsindikiza kwenye kituo cha afya, akakutana na muuguzi mmoja wa makamo aliyekuwa amefunzwa kutoa ushauri. Yule muuguzi alifunga mlango, akasogeza kiti karibu, akamwambia, "Mdogo wangu, nieleze, siku yako huanzaje?" Ndipo mwenzangu alipoanza kusema, na kulia. Muuguzi hakumkataza kulia. Alipomaliza aliulizwa mambo ambayo mtu angedhani hayahusiani na ugonjwa: hula saa ngapi? Hulala wapi, na nani? Anadaiwa na nani? Husali wapi, na bado anapata faraja huko? Nani aweza kukaa na watoto kwa saa mbili?

Alikwenda kwa muuguzi huyo mara sita. Alifundishwa kwamba moyo unapokwenda mbio huo si wazimu, bali ni mwili unaojihami kana kwamba simba yupo mlangoni. Akae chini, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, hata mwili uelewe kuwa simba hayupo. Alishauriwa kutembea kila jioni na kuacha chai ya rangi usiku. Alisaidiwa kuandika madeni yake yote kwenye karatasi moja, kisha akaenda mbele ya kikundi chake cha kukopeshana na kuomba alipe kidogo kidogo; wakakubali. Dada yake alikuja kutoka Ileje akakaa mwezi mzima. Akina mama wa kanisani kwake walimfanyia ibada ya kumkumbuka mumewe, na hapo ndipo alipomlilia kwa mara ya kwanza. Hakupona kwa wiki moja. Lakini kabla ya mwaka kwisha alikuwa akilala usiku, na watoto hawakuogopa tena kuvunja kikombe.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu wengi wetu hatuujui ushauri wa namna hii. Neno "ushauri nasaha" lilienea nchini pamoja na vita dhidi ya UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza hapa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa hiyo hata leo mtu akionekana anaingia kwa mshauri, majirani hunong'onezana kuwa amekwenda kupima. Hayo ni makosa. Msiba, deni, talaka, ajali ya barabarani, kustaafu, kufukuzwa kazi: yote hayo yaweza kumlemea mtu mwenye akili timamu kabisa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walikuwa na shangazi, bibi na mjomba ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza. Tatizo ni kwamba tumehamia mijini, na bibi amebaki Mbozi au Momba. Wenzetu wa Zimbabwe wamelitafutia dawa jambo hilo. Mwaka 2006, mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza mabibi kuketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Ni yale yale "mawazo" yetu. Uchunguzi uliofanywa katika zahanati 24 na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi hao hawakuwa madaktari. Walifunzwa kusikiliza, na kumsaidia mtu achague tatizo moja kwanza na kulishughulikia.

Nawageukia wanaume wenzangu. Sisi twasema mwanamume halii, kisha twakipeleka kilio chetu kwenye chupa. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, lakini desturi ya kuzamisha majonzi katika kilevi haikuondoka pamoja na vile vipakiti. Baba anayerudi nyumbani akipiga meza na kutukana, mara nyingi ana hofu kuliko ana hasira. Mkewe na watoto hawawezi kujua, kwa kuwa hawakuambiwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi ndugu msomaji, ukiona usingizi umekukimbia kwa majuma mawili au zaidi, au huzuni haikuachi, au hasira zako zimeanza kuwatisha unaowapenda, usingoje. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, useme wazi kwamba ni moyo unaokusumbua, si tumbo tu. Mwone pia ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Ukizidiwa, waweza kupelekwa hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Na ikiwa umefikia kuwaza kuutoa uhai wako, mwambie mtu leo hii, kabla jua halijazama, na usikubali kuachwa peke yako.

Nanyi mnaoishi na mtu wa namna hiyo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msiupime kwa mikono yenu. Msimwambie ajikaze. Mkaribisheni kiti, mwulizeni siku yake huanzaje, kisha nyamazeni mpaka amalize.