Nani Aliyezima Stima?

Stima inapopotea nyumbani kwako, wewe humlaumu nani? Mimi nilikuwa na jibu langu tayari. Hata kabla ya kutafuta kibiriti, nilikuwa nimekwisha kuwalaani wakubwa wote wa umeme, na watoto wangu walikuwa wamezikariri laana hizo kama shairi la shule.

Mnamo Jumanne, Januari 11, 2022, yapata saa tano kasorobo asubuhi, stima ilipotea nchi nzima. Mama yangu, ambaye mapafu yake ni dhaifu, alikuwa akiishi nasi hapa Kayole. Alipumua kwa msaada wa mtambo wa oksijeni uliochomekwa ukutani. Mtambo huo ulilia mara tatu, kisha ukanyamaza. Tulikuwa na mtungi mmoja mdogo wa akiba. Nilimbeba mama mgongoni hadi chini, ngazi za orofa nne, mke wangu akitufuata na mtungi mkononi, tukatafuta teksi ya kutufikisha hospitali yenye jenereta. Njia nzima nililaani. Mama hakuwa na pumzi ya kunikanya.

Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini nikiwa pale kwenye benchi la hospitali nilijiuliza jambo ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza: stima hii hutufikiaje?

Wengi wetu tunafahamu kampuni moja tu, ile inayotuuzia. Kumbe kazi imegawanywa. KenGen na kampuni nyingine huzalisha umeme kwa maji, mvuke wa ardhini, upepo na jua. Kenya Power huusambaza mitaani na kutudai pesa. Katikati yao ndipo ilipo KETRACO, kampuni iliyoundwa mwaka wa 2008 na inayomilikiwa na serikali kikamilifu. Kazi yake ni kujenga na kutunza nyaya kuu zinazosafirisha umeme mwingi kwa masafa marefu, ingawa nyaya nyingi za zamani zilibaki mikononi mwa Kenya Power. Stima ya nyumbani kwako ni volti 240. Ile inayosafiri kati ya Mombasa na Nairobi ilijengewa nyaya za volti 400,000, kwani umeme ukisukumwa kwa nguvu kubwa haupotei sana njiani.

Usidhani kazi hiyo ya katikati ni ndogo. Kule Loiyangalani, Marsabit, mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310 ilikuwa tayari mwaka wa 2017. Ikasimama bure zaidi ya mwaka mmoja, kwa sababu nyaya za kuufikisha umeme wake Suswa zilikamilika 2018. Ng'ombe ana maziwa, lakini kibuyu hakuna!

Tena umeme si mahindi ya kuwekwa ghalani. Sehemu kubwa ya unaotumika dakika hii lazima uzalishwe dakika hii hii. Hebu wafikirie wanaume sita waliobeba boriti nzito mabegani. Mmoja akiteleza, uzito wake huwaangukia watano. Wa pili akilemewa, wanne wanabaki, na punde si punde boriti iko chini. Ndivyo gridi ya taifa inavyoanguka. Mnamo Juni 2016, tumbili mmoja alidondokea transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alitoka salama.

Siku ile ya Januari 2022 hapakuwa na tumbili. Minara ya nyaya zinazotoka Kiambere hadi Embakasi ilikuwa imeanguka, na serikali ikasema ilikuwa imehujumiwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, marufuku iliyoondolewa Mei mwaka huo.

Hapo ndipo moyo wangu uliponiruka. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimejenga banda la kuku kwenye ploti yangu huko Kangundo. Kijana mmoja wa mkokoteni aliniuzia vyuma kwa nusu ya bei ya duka. Vilikuwa vizito, havina kutu, vina matundu yaliyotobolewa sawasawa na nambari zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Fundi wa kuchomelea alivigeuza geuza, akaniambia, "Mzee, hivi si vya dukani." Nikamjibu, "Wewe choma tu."

Siwezi kuapa kwamba vilitoka kwenye mnara, wala kwamba mnara wenyewe ni ule. Ninachoweza kuapa ni kwamba sikuuliza, na kwamba sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Nililibomoa lile banda, nikavipeleka vyuma vyote kwa chifu. Alivitazama, akanitazama, akaniuliza, "Mbona umevileta leo?" Sikuwa na la kusema.

Sisemi wakubwa wa umeme hawana makosa. Mali ni ya umma, nao wanapaswa kutueleza nyaya zinapochelewa na minara inapoachwa bila mlinzi. Lakini mali ya umma ni yako na yangu pia. Ukiona mtu akifungua nati za mnara, piga ripoti. Ukiuziwa chuma kwa bei ya kushangaza, uliza kimetoka wapi, na usubiri jibu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mimi nusura nimtumbukize mamangu.

Jioni ile aliporejea nyumbani, mama aliketi kitandani, akauliza polepole, "Mwanangu, hivi stima ilizimwa na nani?"

Nilimwambia kila kitu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimwangalilie kama mtungi wa akiba umejazwa.