Rumada ya Nchi Kavu

Msafiri anapoingia chomboni, macho yake huliendea tanga. Nahodha huanzia nyuma, kwenye rumada, vyuma vile vidogo vinavyoushikilia msukani usiachane na chombo. Tanga likipasuka litashonwa njiani. Msukani ukichomoka usiku, chombo hakina mwenyewe tena. Mtoto mmoja wa Mkoani, Pemba, alilelewa katika elimu hiyo na baba yake, aliyekuwa na jahazi la kuvushia nazi na boriti. Kila alfajiri, kabla ya kung'oa nanga, mzee yule aliinama tezi, akaipapasa rumada kwa vidole, kisha akaigonga kwa kipande cha mti na kutega sikio. Mtoto hakulirithi jahazi. Alivuka kwenda bara, akajifunza udereva, na kwa zaidi ya miaka 20 akaendesha malori katika nchi ambazo bahari huko ni habari ya kusimuliwa. Hata hivyo tabia ya baba yake ilimfuata: kila aliposimama, aliligonga tela.

Mwezi wa Julai 2018 alisimama Misigiri, wilayani Iramba, mkoa wa Singida. Ni kijiji cha njia panda: mkono mmoja unakwenda Kiomboi, na barabara kuu inaendelea kuelekea Mwanza. Mbele kidogo tu nchi inakatika, na barabara inateremka mlima Sekenke kwa mizunguko mpaka Shelui. Madereva wa zamani, waliouteremka mlima huo kabla ya lami, hulitaja jina lake kama mabaharia wanavyotaja mkondo mbaya. Mwezi wa Julai upepo wa Singida ni mkavu na baridi yake hupenya koti. Mavuno ya alizeti yanakuwa yamekwisha kuingia, na mashine za kukamua zinanguruma mchana kutwa. Lori lilijaa magunia ya mashudu ya alizeti, na tela lililokokotwa nyuma yake lilijaa vivyo hivyo.

Utingo, kijana wa miaka 22, ndiye aliyeshika nyundo siku ile. Aligonga magurudumu, aligonga chesesi, akafika kwenye pete nene ya chuma iliyo ncha ya mkono wa tela, ile inayoingia kinywani mwa lori na kupitishiwa pini. Akagonga mara mbili. Mlio haukuwa ule wa siku zote. Ulikufa haraka, kama kengele iliyofunikwa kwa nguo.

"Baba, njoo usikilize."

Dereva hakuhitaji kusikiliza mara ya pili. Aliagiza mafuta ya taa na chaki. Walipaosha shingoni mwa pete kwa mafuta, wakapafuta mpaka pakakauka, wakapaka unga wa chaki, kisha wakangoja. Njia hiyo ni ya kale na haina gharama: mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hurudi nje polepole na kuilowesha chaki. Baada ya dakika chache mstari mweusi ulijichora wenyewe, mwembamba kama unywele, ukizunguka karibu theluthi ya shingo. Nao haukupita ovyo. Uliambaa na ukingo wa mshono wa zamani uliofichwa chini ya rangi.

"Nani alipachomelea hapa?" akauliza kijana. Dereva hakujibu.

Chuma hakipasuki kwa hasira ya siku moja. Pete ikilika ndani, pini hupata nafasi ya kucheza; kila breki inapokanyagwa tela husukuma, na kila lori linapoondoka huvutwa, na kila mara pete hupigwa kishindo kidogo. Kimoja hakidhuru. Maelfu kwa maelfu huanzisha ufa mahali palipo na kona, kovu au mshono, na ufa huo hukua kimya kimya mpaka chuma kizima kilichobaki hakitoshi kubeba mzigo. Hapo hukatika ghafla. Wapenzi wa mashairi wanaijua pindu, shairi ambalo mwisho wa ubeti ndio mwanzo wa ubeti unaofuata. Ukikiondoa kiungo hicho, beti zote zitabaki na vina na mizani, lakini shairi halipo. Tela nalo linaweza kuwa na matairi mapya na breki nzuri. Likiachana na kichwa mlimani, uzuri wake wote ni hatari.

Fundi wa kuchomelea alikuwa karibu, Mnyiramba mwenye adabu na mikono iliyojaa makovu ya cheche.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Tazama hapa."

Fundi alitazama, akaeleza atakavyofanya: ataukata ufa mpaka mwisho wake aufanye mfereji, atapasha chuma moto, atachomelea tabaka kwa tabaka, kisha atakifunika kwa majivu kipoe taratibu. Hakudanganya, ndivyo kazi hiyo inavyofanywa na mtu anayeijua. "Wahenga wamesema, mzee, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Wahenga walisema habari ya udongo," akajibu dereva. "Ukuta ukizibwa, ufa umekwisha. Hiki kimefuliwa na kupewa ugumu wake kiwandani. Moto wako utauondoa ugumu huo pembeni mwa mshono, na ufa mpya utaanzia hapo hapo. Ukimaliza kuchomelea, utakaa juu ya tela tukiteremka Sekenke?"

Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Simu ya tajiri ililia jioni. Mzigo ulikuwa unangojwa Mwanza, na kila siku ya kulala njiani ilikuwa hasara. Kwa nini wasichomelee? Kwani si walichomelea mwaka juzi wakafika salama? Maneno hayo yalisikika mpaka alipokaa kijana. Dereva alisema kwa upole kwamba pete nyingine itafutwe Dar es Salaam, iletwe kwa basi, na kama tajiri hakuridhika, dereva mwingine aje aliteremshe gari hilo. Akakata simu. Wakakaa kimya muda mrefu, upepo ukipiga turubali.

"Ni mimi," akasema hatimaye. "Mwaka 2016, njia ya Kahama. Palikuwa na ufa mdogo. Nilimwambia fundi aunge, na rangi nikaipaka kwa mkono wangu, askari wa barabarani asipaone. Nikaipaka vizuri mno, mwanangu, mpaka na mimi nikaacha kupaona. Wewe umelala juu ya tela hili miezi minane."

Kijana hakusema kitu. Aliondoka akaenda kununua chai, akarudi na vikombe viwili.

Wakisubiri, mzee mmoja wa kijijini aliwasimulia kuwa ardhi ile imewahi kutoa dhahabu. Ndivyo ilivyokuwa: katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipozibiwa njia ya bahari, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora na mwaka 1916 zikapigwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Dhahabu huvumilia nyundo, huyeyushwa na kumiminwa upya isikumbuke lililoipata. Chuma cha kukokotea kinakumbuka kila pigo.

Siku ya pili alfajiri basi liendalo Mwanza lilishusha kifurushi kizito. Ilikuwa pete mpya ya kufungwa kwa bolti, na bolti zake zilipigwa muhuri wa ugumu unaotakiwa. Dereva alikataa kuzirudia za zamani, ijapokuwa zilionekana nzima. Walibadilisha na pini pia, kwa kuwa pini iliyolika ingeanza kuila pete mpya siku ile ile. Kijana alikaza, dereva akakaza tena juu yake, kisha kijana akatakiwa agonge. Mlio ulikwenda mbali.

Fundi aliomba aachiwe pete ya zamani. Chuma kama kile hakipatikani kirahisi, na hapakosi mwenye tela la trekta atakayeinunua. Alikuwa tayari kulipa, na dereva alikuwa na hasara ya siku mbili ya kueleza mbele ya tajiri. Aliigeuza pete mikononi, akapasugua na kidole pale rangi yake mwenyewe ilipobanduka.

"Ichukue bure," akasema, "lakini kwanza ikate vipande viwili kwa gesi, nikiona."

Fundi aliwasha moto, akaikata. Ndipo walipoliondoa gari wakauendea mlima, kijana akiwa amekaa mbele, upande wa dirishani. Walipofika Shelui, kabla ya kunywa maji, alishuka na nyundo yake.