Ua la Pwani Kwenye Madirisha ya Tena



Tena ni mtaa wa Eastlands, Nairobi, ulio jirani ya Donholm na Umoja. Nyumba zimesogeleana, maghorofa yanazidi kupanda, na ardhi ya kulima ni haba. Kwa hivyo bustani ya familia nyingi ni roshani na kizingiti cha dirisha. Humo utaona sukuma wiki katika ndoo iliyotoboka, mrihani katika kopo la rangi, na pengine chungu kimoja cha maua kwa ajili ya kupendeza macho tu.

Miongoni mwa maua yanayouzwa na wenye vitalu kando ya barabara za Nairobi, kuna moja dogo ambalo akina mama wengi hulipenda. Majani yake ni ya mviringo, mazito kidogo, yamefunikwa manyoya laini kama mahameli. Katikati huchomoza maua ya zambarau yenye macho ya manjano. Halitaki jua kali, na linatosheka na mahali padogo. Waingereza huliita urujuani wa Afrika, na Wajerumani huliita urujuani wa Usambara, ingawa kwa ukoo si urujuani kamwe. Wanunuzi wengi hudhani limeletwa kutoka Ulaya.

Ukweli ni kwamba hilo ni ua la kwetu. Duniani kote, mahali linapoota porini ni Kenya na Tanzania peke yake, katika misitu ya mwambao na ya milima iliyo nyuma yake. Mwaka 1892, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Wajerumani, afisa mmoja aliyetawala upande wa Tanga na Usambara, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, Hermann Wendland, aliliandika katika vitabu vya elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia, akiienzi familia ile. Baadaye wakulima wa maua wa Marekani walizalisha aina nyingi mno, nyeupe, waridi, zenye safu moja ya petali na zenye mikunjo. Mwaka 1946 wapenzi wake nchini humo waliunda chama chao. Leo limejaa madirisha ya dunia, na limeturudia hadi Tena likiwa kama mgeni.

Msomaji anayesafiri kutoka Tena kwenda Mombasa hupita karibu na nyumbani kwa ua hili mara mbili pasi na kujua. Mara ya kwanza ni kabla ya kufika Voi, milima ya Taita inapoinuka upande wa kulia. Mmoja wa milima hiyo ni Mbololo, na juu yake, katika kipande cha msitu wa ukungu, kuna aina ya ua hili isiyopatikana mahali pengine popote. Wataalamu wameliita kwa jina la Taita. Nyanda za chini ni kavu, za vumbi jekundu na migunga. Ua limebaki kileleni kama mtu aliyezingirwa na maji kisiwani, halina njia ya kuhamia kwingine.

Mara ya pili ni Mariakani, penye njia ya kuchepuka kwenda Kaloleni. Nyuma ya pwani ya Kilifi kuna majabali ya mawe ya chokaa, kama yale ya Chasimba na ya korongo la Kacharoroni kwenye Mto Rare. Hapo huota aina nyingine, ambayo jina lake la Kilatini, rupicola, maana yake ni mkaaji wa mawe. Jina hilo limesadifu. Nje ya msitu jua la pwani huunguza nyasi zikawa manjano; ndani, chini ya miti mirefu, jabali la kijivu lina ubaridi na unyevunyevu. Katika nyufa zake, penye udongo usiojaza kiganja cha mkono, mmea huu hushika mizizi na kuchanua.

Maisha yake yote yamefungamana na kivuli. Mizizi yake ni mifupi, haiwezi kutafuta maji chini kabisa. Miti ikikatwa kwa ajili ya mbao, makaa au shamba, si lazima mtu aliguse ua lenyewe. Jua huingia, mwamba hukauka, majani huungua, na katika misimu michache mahali palipokuwa na bustani ya Mwenyezi Mungu hubaki jiwe tupu. Na jiwe lenyewe nalo lina wanaolitaka, kwani saruji hutokana na mawe ya chokaa. Sisi wa Eastlands, ambao nyumba zetu zimejengwa kwa saruji na majiko ya wengi wetu yangali yakitumia makaa, hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la watu wa Kilifi pekee.

Huenda mtu akauliza: kuna hasara gani, na hali ua limejaa madukani? Jibu ni kwamba haya ya madukani yametokana kwa sehemu kubwa na mimea michache iliyochukuliwa zamani, yakachanganywa na kuchaguliwa kwa uzuri wake. Yale ya porini yana tabia zao, kila jabali na kila mlima na lake. La Mbololo likitoweka, chungu cha dukani hakitalirudisha. Na pamoja nalo hutoweka msitu uliolipa kivuli, ambao ndio huo huo unaohifadhi chemchemi na kuzuia udongo usisombwe na mvua.

Uhifadhi si jambo geni pwani. Misitu mingi iliyosalia ilisalia kwa sababu wazee wa Mijikenda waliweka miiko juu ya kaya zao. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalianzisha kitengo maalumu cha misitu ya pwani, na mwaka 2008 UNESCO ikaziandika kaya hizo katika urithi wa dunia. Nasi Waislamu tuna msingi wetu. Mtume wetu (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa haram, akakataza miti yake kukatwa na wanyama wake kuwindwa. Ardhi ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa.

Basi familia ya Tena ifanye nini? Kwanza, ukitaka ua hili, lipate kwa jani wala si kwa jembe. Muombe jirani jani moja lenye kikonyo, lichomeke katika udongo mwepesi wenye unyevu, liweke penye mwanga usio na jua la moja kwa moja. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi vitatokeza. Ni kazi nzuri ya kufanya na watoto. Pili, tunapokwenda pwani likizoni au kwa sikukuu, tusing'oe mmea wa mwituni na tusimnunue mtu anayeung'oa. Tatu, wenye mashamba ya urithi Kilifi, Kwale na Taita tuwahimize ndugu zetu waliobaki huko waache miti inayofunika majabali na mito isimame.

Hatimaye, tuwaambie watoto wetu asili ya ua hilo. Mtoto akijua kwamba mmea ulio kwenye dirisha lao una jamaa zake juu ya jabali la Chasimba, kesho akisikia msitu ule unataka kufyekwa atakuwa na sababu ya kuutetea.