Bomba la Chuma na Robo Saa ya Mzee

Thamani ya fedha katika ununuzi wa serikali za mitaa hupimwa kwa maswali matatu: kitu kimenunuliwa kwa bei gani, kimefanya kazi kiasi gani kwa bei hiyo, na je, kazi hiyo ndiyo iliyohitajika? La kwanza ni jepesi, na ndiyo maana huulizwa kila mara. La tatu hukera, kwa kuwa anayejua jibu lake ni mtu anayeteka maji, wala si aliyefungua bahasha za zabuni.

Uingereza ilianza na lile jepesi. Sheria ya mwaka 1980, iliyopanuliwa mwaka 1988, ilizilazimisha halmashauri kushindanisha kazi zao na kampuni binafsi: barabara na majengo kwanza, kisha usafi, takataka na chakula cha shule. Bei ikawa mfalme. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1999 iliachana na utaratibu huo na kuleta wajibu wa kutafuta ubora pamoja na bei, na sheria mpya ya ununuzi, iliyoanza kutumika Februari 2025, inataka ishinde zabuni yenye manufaa makubwa zaidi, hata kama si ya bei ya chini kabisa.

Waafrika Mashariki walioko huko wanaijua habari hii kwa mikono yao, maana wengi huhudumia wazee majumbani. Halmashauri hununua huduma hiyo kwa kampuni, kampuni huipangia dakika. Mhudumu anaingia, anaelekeza simu kwenye alama iliyobandikwa kwenye faili, saa inaanza kuhesabu. Anakoroga uji, anatoa vidonge, anambadilisha mzee, anaandika taarifa, anaelekeza simu tena kwenye alama, huyoo anakimbilia basi. Robo saa imekwisha. Mwaka 2015 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya afya na huduma za jamii, ilishauri ziara isipungue nusu saa ila kwa sababu maalumu, lakini ziara za robo saa hazijaisha. Kila kitu kimehesabiwa isipokuwa kama mzee amepata mtu wa kuongea naye. Adumi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kazi hiyo ni ya mkaza mwana na wajukuu. Haijawahi kutangaziwa zabuni wala kupimwa kwa saa, ingawa mkaza mwana akiulizwa faraghani huenda akasema ingefaa ipimwe.

Pamoja na hayo, lipo jambo moja la Uingereza linalotia wivu. Kila mwaka, kwa siku 30 za kazi, mpiga kura wa England ana haki ya kuomba kuona vitabu vya hesabu vya halmashauri yake pamoja na mikataba, ankara na risiti, akachukua nakala, na akiona kasoro akaweka pingamizi kwa mkaguzi. Malipo yanayozidi pauni 500 hutangazwa kwenye mtandao: nani kalipwa, lini, kwa kazi gani. Mwombaji haulizwi ametumwa na nani. Haulizwi ni mtoto wa nani. Hata hivyo, uwazi huo hauna maana kwamba pesa zimepona. Birmingham, mojawapo ya halmashauri kubwa kabisa, ilitangaza Septemba 2023 kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, na miongoni mwa mizigo yake ulikuwa mfumo wa kompyuta wa Oracle uliokisiwa kugharimu pauni milioni 19 ukapanda kuelekea milioni 100. Haki ya kuomba kuona daftari ilikuwapo muda wote.

Uganda haikosi sheria. Katiba ya mwaka 1995 inampa Mkaguzi Mkuu kazi ya kukagua thamani ya fedha katika miradi ya umma. Sheria ya ununuzi ni ya mwaka 2003. Mwaka 2006 bodi za zabuni zilizokuwa zikiteuliwa na mabaraza ya wilaya ziliondolewa, zikaja kamati za mikataba. Hata haki ya kuona nyaraka ina sheria yake ya mwaka 2005, na ofisi imepewa siku 21 za kujibu. Siku hizo 21 zinasomeka vizuri ukiwa London. Ukiwa kwenye benchi la korido, unaambiwa mwenye ufunguo wa kabati kaenda warsha.

Mfano unaoonyesha vizuri pesa inapopotelea ni kisima cha pampu ya mkono. Mkataba wa kuchimba kisima Uganda mara nyingi hutolewa kwa bei moja ya jumla, kwa sharti kwamba bila maji hakuna malipo. Kwa mlipa kodi sharti hilo linapendeza masikioni. Kwa mchimbaji lina maana nyingine: afadhali achimbe bondeni, maji yalipo karibu, kuliko kijiji cha juu kilichoomba, asimame mara tu anapofikia maji ya kutosha kupita jaribio, na hasara ya visima vikavu aifidie kwa kubana vifaa. Kisima kinapita ukaguzi, kinazinduliwa, diwani anapiga pampu ya kwanza mbele ya kamera.

Kisha linakuja suala la bomba. Kwa miaka mingi pampu hizo zilifungwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, kwa kuwa ni ya bei nafuu. Maji ya ardhini sehemu nyingi za Uganda yana asidi, asidi hula zinki, kisha chuma chenyewe. Maji yanatoka na rangi ya chai, yanachafua nguo na ugali, na akina mama wanarudi kijitoni huku pampu imesimama pale pale, ikihesabiwa kwenye takwimu za wilaya. Wizara ya Maji na Mazingira ilisitisha mabomba hayo mwaka 2016. Chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi siku ya kununua na nafuu kwa miaka inayofuata, ila hiyo miaka inayofuata haina safu kwenye fomu ya kulinganisha bei. Mtu wa Adumi aliyeko ughaibuni huijua safu hiyo vizuri: ni ile michango ya WhatsApp ya kununua bomba jipya, ambayo mjomba husimamia na hakuna anayethubutu kumwomba risiti.

Yapo pia ya kalenda. Mwaka wa fedha Uganda hufungwa Juni 30, na salio hurudi hazina. Halmashauri ya England hufunga Machi 31, lakini inaweza kuweka akiba na kuitumia mwakani. Kwa hiyo katika wilaya za Uganda kama Arua au Koboko fedha ikichelewa, kazi ya miezi sita husukumwa kwenye wiki chache za mvua, na mhandisi hutia saini kabla saruji haijakauka vizuri, maana asiposaini mkandarasi hatalipwa na pesa itaondoka. Kumlaumu mhandisi ni rahisi. Kumpa mafuta ya pikipiki aende kusimamia uchimbaji, siku mabomba yanaposhushwa, kungegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kisima, na hapo ndipo bajeti hukatwa kwanza.

Adumi yenyewe ina utata wa ziada. Tangu Julai 1, 2020 eneo la kaunti ya Ayivu, na Adumi ikiwamo, imo ndani ya Jiji la Arua, hivyo afisa masuuli ni karani wa jiji, si tena afisa mtawala mkuu wa wilaya. Anayetaka kujua kisima cha zamani kilinunuliwaje huanzia faili za wilaya: ripoti ya kutafuta eneo la kuchimba, matokeo ya jaribio la kusukuma maji, na orodha ya vifaa inayotaja aina ya bomba. Kwa kisima kipya mlango ni wa jiji, na barua ipelekwe kabla muda wa matazamio haujaisha, wakati sehemu ya malipo ya mkandarasi bado imezuiliwa.