Koseti ya Bibi Harusi Wetu

Wengi mmetuuliza ile koseti aliyovaa mdogo wetu usiku wa wanawake tumeinunua wapi. Hatukuinunua. Tumeishona wenyewe, dada wawili na cherehani moja, na nusura itutoe machozi.

Mwenyewe alitaka ya kizamani hasa, kama za wanawake wa Uingereza wa karne ya 19: satini nyeusi, kamba mgongoni, kiuno cha nyigu. Mama aliposikia nyeusi akauliza, "Harusi au msiba?" Tukapatana damu ya mzee.

Satini tulinunua Mchangani, na kazi ikaanza. Kitambaa hiki kinateleza, kinafumuka nyuzi pembeni, na pini ikishapita tundu halifutiki, kwa hiyo pini zote tulizichoma kwenye ukingo wa mshono. Tena hakihimili kubanwa. Kinachoubana mwili ni bitana ya pamba nzito, satini ni urembo wa juu tu. Wazungu wa zamani waliitilia walichokiita mfupa wa nyangumi, ingawa si mfupa, ni zile bapa za mdomoni anazochujia chakula. Baadaye wakatia chuma. Sisi tulitia kamba ngumu za plastiki za kufungia nyaya, kutoka duka la vifaa vya ujenzi, ncha tukaziyeyusha kwa moto zisimchome.

Siku ya kujaribu tulikaza mpaka Mama akapiga kigelegele. Bibi harusi kimya. Ikaadhiniwa Magharibi, akavaa nguo ya kusalia juu yake. Kurukuu, kwa taabu. Sijida hakuifika. Akabaki amepiga magoti, hapati pumzi, anacheka huku analia. Tukamfungua kamba zote, akaanza sala upya.

"Mume hakuposa kiuno," Mama akasema, akaenda zake jikoni.

Tulizozana, maana mmoja wetu hakutaka kabisa kuifumua. Mwishowe tulipunguza urefu wa chini, tukaweka nyuma ya kamba kipande cha upana wa vidole vinne. Kamba tukaanza kuzivuta juu na chini zikutane kiunoni, na vidole viwili lazima vipite ndani.

Usiku wenyewe alisali Isha nayo, akala sahani nzima ya biriani. Sasa anaitaka binamu yetu, harusi yake Mfungo Mosi. Yeye ni mnene kidogo, kile kipande cha nyuma tumeshaanza kukikata upya.